Modemu ya USB kwenye Linux: kupiga *99# na kujua inapokwamia

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Modemu inawaka taa lakini kompyuta haiioni." "Imeunganika, hadi IP nimepata, ila kurasa hazifunguki." "Inakata kila baada ya dakika mbili." Mwongozo huu unajibu hayo matatu na ndugu zake. Ni kwa mtu wa Dar es Salaam mwenye ile modemu ya USB ya kuchomeka laini, Huawei au ZTE za enzi za 3G ambazo Kariakoo bado utazikuta mkononi kwa mtu, na kompyuta yenye Debian, Ubuntu au Linux Mint. Kwenye Fedora au Arch kazi ni ileile. Majina ya pakiti na mahali yanapokaa mafaili ndiyo hutofautiana kidogo.

Shika hili kwanza: modemu hii inapiga simu. Waya wa simu ya mezani haupo, lakini ndani zimo amri zilezile za AT (maneno mafupi ya kuiamuru modemu), namba inayopigwa ni *99#, na ikishapokelewa, programu ya pppd inaongea PPP, lugha ya kuunganisha pande mbili za laini, na upande wa pili. Safari nzima ina vituo: USB, draiva, laini, mnara, kupiga, PPP, njia, majina. Kazi yako ni kujua umekwama kituo gani. Anayehangaika na mipangilio ya kivinjari wakati modemu bado inajitambulisha kama CD anapoteza jioni yake bure.

Kama modemu yako ni ya aina ya HiLink, yaani ukiichomeka inaonekana kama kadi ya mtandao na ukurasa wake unafunguka kwenye anwani kama 192.168.8.1, hiyo inajipigia yenyewe ndani kwa ndani. Hapa utafaidika na hatua ya 1, ya 2 na ya 7 tu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Modemu, na laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, yenye bando.
- Simu yoyote ya kujaribia hiyo laini.
- Jina la APN (mlango wa kuingilia intaneti) la mtandao wako. Wengi hutumia `internet`, lakini usikisie. Hatua ya 1 inakuonyesha pa kuliona.
- Kompyuta ambayo una haki ya `sudo`.
- Pakiti za `ppp`, `usb-modeswitch`, `usb-modeswitch-data` na `picocom`. Kama intaneti ndiyo unayoitafuta, washa intaneti ya simu kwa waya wa USB dakika tano, kisha:

```
sudo apt update
sudo apt install ppp usb-modeswitch usb-modeswitch-data picocom
```

- Ekstensheni ya USB fupi, mita moja au moja na nusu. Ndefu zaidi ya hapo inaleta matatizo utakayoyaona mbele.

Programu za kubofya zipo, na zikifanya kazi ni raha. Zikigoma zinakwambia "imeshindikana" na kunyamaza. Ndiyo maana hapa tunatumia pppd moja kwa moja: haifichi kitu.

## Hatua

1. Ijaribu laini kwenye simu. Itoe kwenye modemu, iweke kwenye simu, zima Wi-Fi, fungua ukurasa wowote. Usipofunguka, tatizo si Linux. Angalia bando, halafu piga *106# kuhakiki usajili. Ukifunguka, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, sehemu ya APN, uandike jina lile herufi kwa herufi. Ukiwa hapohapo zima PIN ya laini kama ipo. Usiruke hili: skripti inayojirudia yenye PIN yenye kosa inamaliza majaribio yako matatu kabla hujageuka, na laini inaanza kudai PUK.

2. Chomeka modemu, subiri sekunde 20, uliza USB.

```
lsusb
sudo dmesg | tail -30
```

Huawei huanza na `12d1`, ZTE na `19d2`. Namba ya pili ndiyo yenye siri. Modemu hizi zikichomekwa hujifanya CD yenye programu ya Windows. Lazima zigeuzwe ziwe modemu. Huawei nyingi zikiwa CD huonyesha `12d1:1446`, zikigeuka huwa `12d1:1001`, `12d1:1406` au namba ya jirani. ZTE nyingi huanza na `19d2:2000`. usb_modeswitch hufanya kazi hiyo yenyewe. Ukiona bado iko kwenye namba ya CD, isukume kwa mkono:

```
sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1446 -J
```

Hiyo `-J` ni ya Huawei peke yake. Usiitumie kwa ZTE.

Kama `lsusb` haionyeshi kitu kabisa, badilisha tundu kabla ya kulaumu modemu. Kwenye kompyuta ya mezani chomeka nyuma, si mbele. Habu ya USB isiyo na umeme wake ondoa kabisa.

3. Tafuta bandari zake.

```
ls -l /dev/ttyUSB*
```

Unatarajia mbili au tatu: ttyUSB0, ttyUSB1, ttyUSB2. Kwenye Huawei, ttyUSB0 kwa kawaida ndiyo ya kupigia. Namba imegeuka lakini bandari hazipo? Draiva haijaitambua. Ilazimishe, ukiweka namba zako mwenyewe:

```
sudo modprobe option
echo "12d1 1001" | sudo tee /sys/bus/usb-serial/drivers/option1/new_id
```

Kisha jipe ruhusa, na umwondoe mshindani wako:

```
sudo usermod -aG dialout $USER
sudo systemctl stop ModemManager
```

Baada ya amri ya kwanza lazima utoke kwenye akaunti yako na uingie upya; kufunga terminali na kuifungua hakutoshi. Ya pili ndiyo wanayoisahau wengi. ModemManager, programu ya Linux ya kusimamia modemu, huishika bandari na kuisemesha modemu wakati na wewe unaisemesha, majibu yanachanganyika, unaona herufi za ajabu na kudhani modemu imekufa. Ukiwasha upya kompyuta itarudi, basi izime tena.

4. Ongea na modemu. Hii ndiyo hatua inayofichua mengi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

```
picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0
```

Kutoka ni Ctrl-A kisha Ctrl-X. Andika `AT`, bonyeza Enter. Inatakiwa ijibu `OK`. Kama huoni unachoandika, andika `ATE1`. Isipojibu kabisa, jaribu ttyUSB1, halafu ttyUSB2. Ikishajibu, endelea kwa mpangilio huu:

`AT+CPIN?` Jibu zuri ni `READY`. `SIM PIN` maana yake hukuzima PIN. `+CME ERROR: 10` maana yake haioni laini: itoe, ifute, angalia kama ile laini ndogo iliyowekwa kwenye adapta ya plastiki imekaa sawa. Adapta hizo huhama kwa nusu milimita, na nusu milimita inatosha.

`AT+CSQ` Nguvu ya mtandao, kutoka 0 hadi 31. 99 maana yake haijui, yaani haipati kitu. Ukitaka dBm, zidisha kwa mbili utoe 113: 20 ni -73, 10 ni -93, 5 ni -103. Kuanzia 15 uko vizuri. Chini ya 10 utaunganika na kukatika. Ndani ya nyumba ya bati au chumba cha katikati ya ghorofa la zege namba hushuka; tumia ile ekstensheni, isogeze modemu dirishani, uliza tena. Sogeza, subiri sekunde 10, uliza. Mara nyingi meta moja tu inakupa pointi tano.

`AT+CREG?` Angalia tarakimu ya pili. `0,1` umesajiliwa kwenye mtandao wako. `0,5` uko mtandao wa jirani (roaming). `0,2` bado anatafuta. `0,3` amekataliwa: mtandao umeiona laini na kuikatalia, na hapo hakuna amri ya Linux itakayokusaidia, nenda na kitambulisho dukani kwao.

`AT+COPS?` Jina la mtandao. Likija kama namba, linaanza na 640, ambayo ni Tanzania: 64002 ni Tigo ambayo sasa ni Yas, 64004 Vodacom, 64005 Airtel, 64007 TTCL, 64009 Halotel.

Kwa Huawei kuna moja zaidi, `AT^CARDLOCK?`. Ikijibu `1,10,0`, modemu imefungwa kwa mtandao mmoja na umebakiwa na majaribio 10 ya kuweka namba ya kufungulia. Ikianza na 2, iko huru. Uliza hili kabla ya kuinunua ya mtumba, na ukiona namba ya katikati imeshuka hadi 2 au 1, ujue kuna mtu alishabahatisha. Fundi akikwambia "bosi, niachie, nitajaribu kodi kadhaa", mchukulie modemu yako. Majaribio yakiisha, kodi sahihi nayo haikubaliwi.

5. Andika mafaili mawili. La kwanza ni mazungumzo ya kupiga, `/etc/chatscripts/modemu`:

```
ABORT "BUSY"
ABORT "NO CARRIER"
ABORT "ERROR"
TIMEOUT 10
"" ATZ
OK 'AT+CGDCONT=1,"IP","internet"'
OK ATD*99#
TIMEOUT 30
CONNECT \d\c
```

Badala ya `internet` weka APN yako. Zile alama moja za kunukuu nje ya mstari wa CGDCONT usiziondoe. Ukinakili kutoka kwenye simu au Word, angalia alama za kunukuu zisiwe zile zilizopinda.

La pili ni `/etc/ppp/peers/modemu`:

```
/dev/ttyUSB0
460800
connect "/usr/sbin/chat -v -f /etc/chatscripts/modemu"
user "wap"
password "wap"
noauth
noipdefault
defaultroute
usepeerdns
novj
noccp
crtscts
lock
lcp-echo-interval 0
lcp-echo-failure 0
debug
nodetach
```

`user` na `password` weka neno lolote kama mtandao wako haukukupa. Ukiziacha tupu, modemu inaweza kudai utambulisho, pppd ikakosa cha kutoa na kuandika `No auth is possible`. Na `noauth` haimaanishi wewe hutajitambulisha. Maana yake humdai mwenzako ajitambulishe.

6. Piga. Zima Wi-Fi na chomoa waya wa mtandao kwanza. Fungua terminali mbili. Kwenye ya kwanza fuatilia:

```
sudo journalctl -f -t chat -t pppd
```

Kwenye ya pili:

```
sudo pppd call modemu
```

Mambo yakienda sawa utaona `CONNECT`, kisha `Connect: ppp0 <--> /dev/ttyUSB0`, kisha `local IP address` inayoanza labda na 10, na `remote IP address 10.64.64.64`. Hiyo 10.64.64.64 inawatisha watu. pppd imeiweka yenyewe kwa sababu upande wa pili haukutaja anwani yake. Iache.

Kukata: Ctrl-C kwenye terminali ya pili. Usichomoe modemu ikiwa bado imeunganika. Bandari inabaki imeshikwa, ukiirudisha inapewa ttyUSB3, na faili lako bado linaita ttyUSB0. Ukichoka na hilo, tumia jina refu lililoko `/dev/serial/by-id/`, ambalo halibadiliki.

7. Jaribu kwa ngazi. Usianze na kivinjari.

```
ip addr show ppp0
ip route
ping -c 4 8.8.8.8
ping -c 4 udsm.ac.tz
```

Ya tatu inapima njia. Ya nne inapima majina; ikionyesha tu namba ya IP imetosha, hata seva isipojibu.

## Inapogoma

Anza na namba ambayo pppd inaiacha ikifa. Mara tu ikisimama, andika `echo $?` kwenye terminali ileile:

- 6 au 7: bandari imeshikwa au haifunguki. ModemManager, picocom uliyoisahau wazi, au ttyUSB imebadilika namba.
- 8: skripti ya kupiga imeshindwa. Soma mistari ya `chat`. ERROR baada ya CGDCONT ni alama za kunukuu. NO CARRIER baada ya ATD mara nyingi ni APN au laini kukataliwa. Jaribu `ATD*99*1#` kabla ya kukata tamaa. Ikikaa kimya hadi muda kuisha, unapiga kwenye bandari isiyo yake.
- 10: imepokelewa lakini PPP haikuelewana. Subiri nusu dakika upige tena. Ikirudia, chomoa modemu uichomeke upya.
- 15: upande wa pili haujibu salamu, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza kama bado upo.
- 16: modemu imekata. Rudi kwenye CSQ na umeme wa USB.
- 19: jina au nywila imekataliwa.

Inakata kila baada ya dakika mbili kamili. Hili ndilo swali namba moja, na jibu lake limo kwenye 15. Faili la `/etc/ppp/options` la Debian huagiza salamu kila sekunde 30, na zikipita nne bila jibu, kata. 30 mara 4 ni 120. Modemu nyingi hazijibu salamu hizo hata mtandao ukiwa safi. Mistari miwili ya `lcp-echo` hapo juu ndiyo dawa. Kama uliifuta kwa kudhani ni pambo, irudishe.

Inakata ovyo, bila muda maalumu. Tazama `dmesg`. Ukiona `USB disconnect`, modemu inakosa umeme. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500, na modemu ikipaza sauti kuufikia mnara wa mbali huhitaji karibu zote. Ekstensheni ya mita tano inakula volti njiani. Kama `dmesg` imetulia, pengine modemu inarukaruka kati ya 2G na 3G. Kwenye Huawei taa ya kijani isiyopepesa ni 2G, ya bluu ni 3G. Ilazimishe ibaki 3G, ndani ya picocom:

```
AT^SYSCFG=14,2,3FFFFFFF,1,2
```

Kurudisha ijichagulie, weka 2 badala ya 14. Mtaa usio na 3G ya kutosha, amri hii itakuacha bila mtandao kabisa, kwa hiyo usisahau uliiweka.

ping ya 8.8.8.8 inaenda, majina hayaendi. Tazama `/etc/ppp/resolv.conf`. Ukikuta 10.11.12.13 na 10.11.12.14, hizo ni anwani za uongo ambazo Huawei huzitoa ikiulizwa kabla mtandao haujampa za kweli. Kata, subiri, piga tena. Zikirudi, andika `nameserver 8.8.8.8` kwenye `/etc/resolv.conf` kwa mkono.

IP ipo, ping haiendi popote. Angalia `ip route`. Kama `default` bado inaelekea Wi-Fi, kumbukumbu zitakuwa na `not replacing existing default route`. Geuza:

```
sudo ip route replace default dev ppp0
```

Kama njia iko sawa na bado kimya, rudia hatua ya 1. Bando likiisha, PPP huweza kuunganika vizuri kabisa na kukupa IP isiyofika kokote.

Baadhi ya kurasa zinafunguka, nyingine zinaganda nusu. Pakiti kubwa zinapotea njiani. Ongeza mistari `mtu 1400` na `mru 1400` kwenye faili la peers, upige upya.

CSQ ni 22, lakini saa mbili usiku haisogei. Mnara umejaa. Kusogeza modemu hakuongezi kitu. Jaribu alfajiri, ulinganishe.

Bando linakwisha kabla hujafanya lolote. Huyu si mwizi, ni mfumo wako mwenyewe. Ubuntu na Debian hushusha masasisho kimyakimya, na GB 1 inaweza kwenda wakati unasoma barua pepe. Ukiwa kwenye modemu, zima:

```
sudo systemctl stop apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer
```

Ubuntu ina snap pia, nayo ni mlaji kweli: `sudo snap refresh --hold=72h`. Masasisho usiyaache moja kwa moja. Yafanye siku ukiwa kwenye Wi-Fi ya kazini au chuoni.

Ukikwama na unataka kumwuliza mtu, mpelekee vitu hivi kwa pamoja: mstari wa `lsusb`, majibu ya `AT+CPIN?`, `AT+CSQ` na `AT+CREG?`, namba ya `echo $?`, na mistari 40 ya mwisho ya `sudo journalctl -t chat -t pppd`. "Haifanyi kazi" haijibiki. Kabla hujatuma, futa IMEI, ambayo `ATI` huionyesha, na namba yoyote ya laini iliyomo.